Ng'ombe wa Tano wa Zakaria

Ng'ombe wa Zakaria Mwalongo walikuwa wanne, na asubuhi ile ya Alhamisi wote wanne walikuwa wamefungwa zizini. Kisomaji kilihesabu watano.

Tulizo, mkewe, alimsimulia nesi Eda Mligo habari hiyo akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha zahanati ya Kidunduli, mtoto mgongoni, kitenge amejifunika mpaka kidevuni. Nje ukungu wa Juni ulikuwa haujaachia milima. Alikuwa anakamua, alisema. Zakaria amesimama mlangoni mwa zizi na kisomaji kipya cha ushirika wa maziwa, anakipitisha kama kila mwanamume wa kijiji afanyavyo kila asubuhi kabla ndege nyuki hazijaja kubeba madumu. Kisomaji hulia mara moja kwa kila hereni ya ng'ombe. Kikalia mara nne, kikanyamaza kidogo, kikalia tena. Halafu ile sauti yake ya adabu ikasema, "Mnyama mpya. Taja jina lake."

Zakaria alicheka. Akakipiga kisomaji pajani, akakijaribu tena, Tulizo akiwa ameshachukua ndoo na kwenda jikoni. Wanne. Akamwita mkewe alete kamba. Watano. Basi akaacha kucheka. Akamwambia arudi jikoni, kisha aje, kisha arudi tena, naye akaenda na kuja na ndoo yake mkononi huku maziwa yakipoa.

"Hajanigusa," Tulizo alisema. "Wala hajaniuliza kitu. Ndicho kinachoniogopesha, nesi. Anafikiri."

Akafungua kitenge, akanyoosha mkono wa kushoto na kuonyesha mahali ambapo Eda mwenyewe, mwaka uliopita, alikuwa ameingiza punje ya dawa chini ya ngozi. Akaomba itolewe sasa hivi. Eda akaushika ule mkono, akaipapasa punje kwa kidole gumba, akamweleza ukweli: kuitoa ni kuchana, na kuchana ni kidonda kibichi na bandeji juu ya mkono uleule ambao Zakaria anaufikiria. Tulizo aliuvuta mkono wake. Akajifunika tena. Alisema atasubiri, lakini Jumamosi haiko mbali, na Jumamosi ni josho, siku ya ng'ombe wote kuhesabiwa.

Eda hakuhitaji kukumbushwa maana ya josho.

Watu wa mjini waliosoma sana hudhani wanawake wa milimani walikataa dawa kinga ya Ukimwi kwa ujinga. Eda alikuwa amewasikiliza semina baada ya semina, na kila mara alitamani kuwapeleka hao wasomi wakalale wiki moja tu kwenye nyumba ya vyumba viwili pamoja na mume, mama mkwe, na kopo la vidonge. Kopo linalia. Ukilitikisa tu, nyumba nzima inajua. Wanawake wake walikuwa wameficha makopo kwenye unga, kwenye mto, kwenye shimo la mbegu za viazi, na bado yakaonekana. Na kopo la dawa kinga lilifanana na kopo la dawa za wagonjwa, kwa hiyo mume aliyeliona hakuona mke anayejikinga. Aliona mke aliyekwisha kuugua, na kisha akaanza kutafuta ni nani aliyemwambukiza, akitafuta kila mahali isipokuwa kwake. Kina mama watatu walirudishwa kwao kwa namna hiyo mwaka mmoja tu, na mmoja wao alirudi kwao hana jino la mbele.

Ndipo punje ikaja, ndogo, yenye dawa ya miaka miwili na chipu ya kuipima kila siku. Haina kopo, haina foleni ya Jumanne ambayo kijiji kizima kilijua ni foleni ya nini. Eda aliiweka siku za kupima watoto uzito, nyuma ya pazia, wakati vichanga wananing'inia kwenye mizani wakilia na hakuna anayesikia lingine. Kwa kuwa Kidunduli haina mtandao wa maana, punje zilitengenezwa zisaidiane: kila moja huipa taarifa yake punje iliyo karibu, nayo huipokeza nyingine, kwenye shamba, kanisani, kisimani, mpaka taarifa ifike kwenye kisanduku mama kilichoko juu ya kabati la zahanati. Hakuna jina linalosafiri. Ni namba tu, kutoka mkono hadi mkono, na wenye mikono hawajui.

Walikuwa thelathini na wanane. Kila mmoja aliamini yuko peke yake. Wa thelathini na nane alikuwa Eda.

Alijiwekea mwenyewe, mbele ya kioo, kwa mkono wa kulia. Mumewe, Festo, aliendesha lori la maparachichi hadi bandarini, na Eda alimpenda, na hakumwamini nje ya nyumba. Mambo hayo mawili yaliishi pamoja ndani yake bila kugombana. Hakuwahi kumwambia. Mara ngapi alikuwa amewashauri wanawake wazungumze na waume zao, yeye mwenyewe punje ikiwa ndani ya mkono uleule aliouinua kuwaelekeza.

Tulizo alipoondoka, Eda alifunga mlango na kumpigia mhandisi Shirima, mtu wa makao makuu aliyeshughulikia punje za mkoa mzima. Sura yake ilikuja kwenye kioo cha ukutani, nyuma yake dirisha lenye jua. Alisikiliza mpaka mwisho, akajikuna shingo. Akasema chipu ya punje na chipu ya hereni ya ng'ombe zilitoka kiwanda kimoja, kwa kuwa hakukuwa na sababu ya kutengeneza za aina mbili. Zilikuwa hazisikilizani. Lakini wiki iliyopita ushirika ulipandisha programu mpya kwenye visomaji ili hereni nazo zianze kupokezana taarifa, na sasa kisomaji kinasikia chipu yoyote iliyo ndani ya hatua tano. Chipu kisiyoitambua huiita mnyama mpya.

"Hatukutegemea zikutane," alisema. "Hawa ni ng'ombe, wale ni wagonjwa wako."

"Si wagonjwa," Eda alisema. "Na ng'ombe mnadhani hukamuliwa na nani?"

Shirima alikuwa kijana mwema, kosa lake ni kwamba aliyakuta maziwa kwenye pakiti. Akaahidi marekebisho ya visomaji baada ya miezi mitatu. Kisha, kwa sauti ya chini, akamwambia kuna njia nyingine. Kisanduku mama kina amri ya kuzima. Eda akiibonyeza, punje zote za Kidunduli zitanyamaza mara moja na hakuna kisomaji kitakachozisikia. Eda akauliza ubaya wake ni nini, maana aliuona usoni mwa kijana. Ubaya ni kwamba chipu ndiyo inayofungua tundu la dawa. Punje ikinyamaza, dawa inakoma. Baada ya siku kumi mwilini hamna kinga. Na kuifungua tena ni kwa sindano, mtu mmoja mmoja, hapo zahanati.

"Naweza kuchagua ya kuzima?"

"Hapana. Ni zote au hakuna."

Nje, ndege nyuki ya mwisho ilipita juu ya bati na dumu lake, ikapotelea kwenye ukungu. Eda alibaki amesimama mbele ya kioo kilichokwisha kuzimika, akihesabu kwa vidole. Mwisho wa Juni. Wanaume wa mbao wangerudi kutoka misituni wiki hiyohiyo, kama kila mwaka, miezi minne wakiwa hawajulikani walilala wapi. Kwa dawa kukoma, hakukuwa na siku kumi mbaya zaidi ya hizo.

Siku ya josho, Kidunduli nzima hupeleka ng'ombe kuogeshwa na kuhesabiwa. Wanaume hushika visomaji na husimama pande mbili za njia. Wanawake huwavuta ng'ombe kwa kamba, kwa sababu ng'ombe wa maziwa humfuata anayemkamua na kwa mwingine hupiga mateke. Ndivyo ilivyokuwa tangu josho lijengwe. Eda aliwaza kuwaambia wote wajidai wanaumwa, akajicheka kwa uchungu. Wanawake thelathini na saba waugue asubuhi moja katika kijiji kimoja, na Zakaria akiwa tayari anafikiri.

Ijumaa aliifunga zahanati, akaenda shambani.

Kulikuwa na mgowe, kazi ya kusaidiana, kwa mama Yustina, mama yake Zakaria. Wanawake ishirini na zaidi walikuwa wamejipanga mstari mmoja wakivuna viazi, kama wanavyovuniana kwa zamu kila msimu, na ndoo ya togwa ikisubiri kwenye kivuli. Salamu za kamwene zilimpokea kutoka mwisho mmoja wa mstari hadi mwingine. Eda aliingia katikati na jembe la kuazima. Mfukoni alikuwa na kijisanduku cha kupimia, na kila alipopita karibu na mtu kilimtetemekea pajani. Akazunguka akijifanya anakusanya viazi. Katika wanawake ishirini na wawili, kilitetemeka mara kumi na tano. Tulizo alikuwa anachimba bega kwa bega na mama mkwe wake, hawasemeshani, na kijisanduku kilitetemeka kwa wote wawili.

Alijua. Alikuwa amemwekea kila mmoja wakati wake, na kila mmoja alimwapisha asimwambie yule mwingine kuliko mtu yeyote duniani. Kumbe wangeshikana mikono. Hilo ndilo lililomkera Eda kuliko yote: siri aliyoitunza kwa uaminifu ndiyo iliyomweka kila mtu kwenye shimo lake. Lakini haikuwa siri yake kuigawa.

Alimvuta mama Yustina pembeni kwanza, kana kwamba anampima presha chini ya mkaratusi. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minne, mke wa mzee wa kanisa, na mume wake alikuwa na nyumba ndogo Makambako iliyojulikana na kila mtu isipokuwa usharika. Eda alimweleza yote, ya kisomaji, ya josho, ya amri ya kuzima. Mama Yustina aliendelea kupangusa udongo kwenye kiazi kimoja mpaka kikang'aa.

"Kwa hiyo umekuja kuniuliza," alisema mwishowe.

Eda akasema ndiyo, ingawa hajui kama ataweza kuwafikia wote.

"Umefanya vizuri kuuliza. Maana ungenizimia bila kuniambia, wewe ndiye ungekuwa umenifanya ng'ombe. Ile mashine haijui. Wewe unajua." Akakiweka kiazi ndani ya kikapu. "Ya kwangu iache. Mimi nimeshaogopa vya kutosha. Ila mkwe wangu, sijui kama naye anayo, sikuulizi. Kama anayo, mwanangu ana mkono mzito. Hilo nakwambia."

Eda alizungukia wengine hadi jua lilipotua nyuma ya misonobari. Alikwenda kisimani, alikwenda mashineni, alimfuata mmoja mpaka kwenye kwaya na kumwita nje kwa kisingizio cha chanjo. Alifika kwa kumi na mmoja tu, mama Yustina akiwemo, maana shambani hakuweza kumvuta kila mtu pembeni bila wengine kuona. Sita walimwomba azime, haraka, leo. Tulizo alikuwa mmoja wao. Wanne walikataa kata kata. Mmoja wao, ambaye mumewe alikuwa anameza dawa kwa siri akidhani mke hajui, alimwambia heri apigwe. Wa kumi na moja alilia tu, akarudi kuimba. Ishirini na sita hakuwafikia. Hao ndio waliomkosesha raha. Kwa hao angepaswa kuamua yeye, na wao wangeamka na kulala bila kujua kuwa wameamuliwa.

Jumamosi kulipopambazuka alikuwa mbele ya kisanduku mama. Kilikuwa kidogo, cha rangi ya maziwa, na kwenye kioo chake namba thelathini na nane zilikuwa zimewaka kijani. Alibonyeza mpaka neno ZIMA likatokea. Kidole kikabaki juu yake.

Azime, leo ipite salama. Hakuna atakayepigwa leo. Na baada ya siku kumi, wanaume wakiwa nyumbani, nani atakayemwambia yule wa kisimani kwamba kinga yake imekoma? Yeye Eda, tena? Atawafuata thelathini na saba kwa sindano wakati Zakaria na wenzake wamekwisha kuanza kutazama nani anaingia zahanati? Alijua hatawamaliza. Alijua pia, na hili lilimtia aibu mpaka masikio yakamchoma, kwamba Festo alikuwa amerudi usiku uliopita, na angekuja joshoni kushika kisomaji cha baba yake. Hakuweza tena kutenganisha kama anataka kuwaokoa wao au anataka kujiokoa mwenyewe. Aliitazama namba ya mwisho kwenye kioo, ya kwake.

Akaondoa kidole. Akavaa koti, akafunga mlango, akateremka joshoni.

Foleni ilikuwa imekwisha kuanza. Ng'ombe walitoa mvuke puani, dawa ya josho ilinuka, wanaume wamejipanga pande mbili wakitaniana na kupulizia mikono yao joto. Mlangoni mwa njia ushirika ulikuwa umesimamisha nguzo mbili za kisomaji kikubwa chenye kipaza sauti, na karibu nacho alikuwepo katibu Kiswaga na kibao chake cha kuorodhesha. Tulizo alikuwa wa nne kwenye foleni, kamba nne mkononi, uso umesinyaa. Zakaria alikuwa amesimama pembeni yake kabisa, si kwenye mstari wa wanaume. Kisomaji alikuwa amekiweka kifuani.

Eda aliwapita. Akampita mama Yustina aliyekuwa na ndama wake mmoja. Akafika mbele ya ng'ombe wa kwanza, akamwomba mwenye ng'ombe radhi, na akapita katikati ya zile nguzo mbili peke yake.

Nguzo zikalia. Sauti ya adabu ikatoka kwenye kipaza sauti, ikasikika hadi ng'ambo ya bonde.

"Mnyama mpya. Taja jina lake."

Kicheko kilianza kwa wanaume. Kiswaga akasema mashine imelewa asubuhi asubuhi, akaomba nesi asogee. Eda hakusogea. Alimtafuta Festo kwa macho, akamwona, upande wa kushoto, na koti jekundu alilomnunulia yeye.

"Eda Mligo," alisema.

Kicheko kikapungua. Zakaria alikuwa amekuja mbele. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa na uso wa mtu anayekaribia kumaliza hesabu ngumu.

"Nesi. Una nini mwilini?"

"Dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi. Iko hapa mkononi. Siumwi, na nimeiweka ili nisiumwe."

"Mumeo anajua?"

"Amejua sasa."

Ng'ombe mmoja alikojoa kwenye saruji, na sauti hiyo ilikuwa kubwa. Festo hakuja mbele wala hakuondoka. Alikuwa anamtazama mkewe kama anayesoma barua ndefu. Eda alitamani sana aseme kitu chochote. Alikuwa ameliandaa neno la kuwaambia wote, kwamba chombo hiki kinasikia kinga, hakisikii dhambi, na kwamba yeye ndiye wa kuulizwa. Alifungua kinywa.

Nyuma yake nguzo zikalia tena.

Mama Yustina alikuwa amefunga ndama kwenye uzio na kupita peke yake, polepole, akishikilia kitenge chake kama anayekwenda kupokea meza ya Bwana. Mume wake, mzee wa kanisa, alikuwa hatua tatu kutoka pale. Mashine ikaomba jina.

"Yustina Mwalongo," alisema mama. Kisha akamgeukia mwanawe. "Nami pia, Zakaria. Sasa nipige mimi."

Mkono wa Zakaria wenye kisomaji ulishuka taratibu mpaka ukaning'inia. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, Eda alivuta pumzi mpaka mwisho. Alimwona Tulizo akimtazama mama mkwe wake kana kwamba hajawahi kumwona, na kamba za ng'ombe zikamtoka mkononi.

Halafu akaona kwamba wanaume wengine hawakuwa wanamtazama mama Yustina. Walikuwa wanawatazama wake zao. Mmoja, karibu na mkaratusi, alikuwa amekwisha kuinua kisomaji chake na kukielekeza kwenye foleni. Jirani yake akamwangalia, naye akainua cha kwake. Festo alikuwa bado hajasogea.

"Wekeni chini," Eda alisema, lakini sauti haikufika mbali.

Kisomaji cha kwanza kikalia nyuma kabisa ya foleni, kisha cha pili, kisha vingi kwa pamoja kutoka pande zote mbili za njia, na ile sauti ya adabu ikawa inaomba majina. Wanawake walianza kuyataja. Eda alisimama katikati ya nguzo akiyasikiliza moja baada ya jingine, na hakuweza tena kujua ni nani aliyejitokeza na ni nani aliyekamatwa.